Kipupwe Ndani ya Kioo

"Usinifundishe sayansi, wifi. Mimi nimetoka kuzika," Perusi alisema, na kila neno lilimtoka na mvuke mdomoni.

"Nimekuomba ushushe sauti tu."

"Nishushe kwa ajili ya nani? Miti?"

Ugomvi ulikuwa umeanzia langoni, ambako roboti mpokezi alimsalimia Perusi kwa Kigogo, "Mbukwa", kama alivyopangiwa kuwasalimia wageni wote, na Perusi akamwambia akae kimya. Ukaendelea katika chumba cha kubadilishia nguo, ambako Damari alimlazimisha kuvaa koti zito na viatu vya plastiki. Sasa walikuwa katikati ya safu za mizabibu na bado hawakuwa wamesikilizana kwa lolote. Juu yao kuba la kioo lilipanda hadi kimo cha ghorofa sita. Nje ya kioo lilikuwa jua la Dodoma la mwezi wa kumi, lile la kupasua midomo, na treni za juu zilipita zikimetameta kuelekea mjini. Ndani, jalidi nyeupe, umande ulioganda, ilikuwa imeshika kila tawi.

Roboti wapogozi, wembamba kama vunjajungu, walikuwa wakitambaa kati ya safu. Mmoja alisimama kando ya Perusi, akanyoosha mkono wenye taa ndogo, akamulika jicho la tawi, akapima kiasi cha sukari kilichokuwa kimelala ndani yake, akasonga mbele bila kugusa chochote. Kazi yao kwa wakati huu ilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna mti unaoamka kabla ya wenzake.

"Hata kufoka kwako kunatoa moshi," Damari alisema, akijaribu utani. "Kama treni ya zamani."

Perusi hakucheka. Alikuwa dada mkubwa wa mume wa Damari, mkubwa kwa umri na kwa mdomo, na kwa kawaida hakuna mtu katika ukoo aliyemshinda kwa utani. Leo alikuwa amekuja na pikipiki ya umeme kutoka Msanga-Chini, ng'ambo ya mbuga ya chumvi, akiwa bado amejifunga kanga ya msibani.

Aliyokuwa akiyasema yalikuwa machache, ila alikuwa ameyarudia mara nyingi. Tangu mwezi uliopita usiku wa Msanga-Chini haupoi. Jua likizama, joto halizami nalo. Kile kisima kikavu nyuma ya kanisa, kilichochimbwa zamani na mradi wa maji na kuachwa, sasa kinapumua. Ukisimama karibu unahisi kama umefungua tanuri la mkate. Vingine vilivyoachwa mbugani vinafanya hivyo hivyo. Wazee wawili wamezikwa, wa pili leo asubuhi. Zahanati imejaa, na zahanati yenyewe ni joto tupu. Na mama, mama yake yeye na mama mkwe wa Damari, ameacha kutoka jasho tangu alfajiri na anamwita Perusi kwa jina la dada yake aliyekwishakufa.

Alichotaka ni kimoja. Mtambo wa kupoza kuba uzimwe.

Damari alikuwa amemjibu kwamba mwezi wa kumi ni mwezi wa kumi, joto liko kila mahali, na kwamba mama angeletwa hospitali ya mjini kwa gari la kuba, sasa hivi. Perusi akasema gari la wagonjwa limekwishaitwa, litamchukua mama, na je, litachukua kijiji kizima? Damari akaeleza kwamba joto la mtambo haliendi kwa watu. Linashushwa kwa mabomba hadi kwenye mwamba, chini sana, na linabaki huko. Hapo ndipo Perusi alipomwambia asimfundishe sayansi.

Mtambo huo uliitwa Kipupwe, na uliongozwa na akili unde iliyoitwa kwa jina hilo hilo. Ulifanya kazi moja tu: kuchukua joto lote lililokuwa ndani ya kuba na kulipeleka kwingine. Ulikuwa umetengeneza majira ya baridi katika nchi isiyokuwa nayo, kwa ajili ya mti mmoja.

Zabibu nyekundu ya Msanga ililimwa pale tangu enzi za mababu wa mababu. Ilitoa mvinyo mzito, mwekundu hadi kukaribia weusi, na kila mkulima alijua kwamba mizabibu ilikuja na wamisionari. Kabla ya hapo ilitoka wapi, hakuna aliyejua. Kisha kikabuniwa kisomanasaba, mashine inayosoma uzao wa mmea kutoka katika jani moja, na majibu yakawashangaza watu. Msanga haikuja na mtu yeyote. Ilizaliwa pale pale, kutokana na mbegu. Mama yake alikuwa mzabibu wa kale kutoka mabonde ya baridi ng'ambo ya bahari, ambao pingili zake ndizo zilizosafirishwa na wamisionari zikiwa zimefungwa katika magunia yenye maji. Baba alikuwa zabibu nyeupe ya kula tu, isiyo na jina, iliyotambaa kwenye uzio wa misheni. Mbegu ilianguka, mche ukaota, na mtu fulani aliyekuwa akipalilia akauona akauacha.

Yule mama hakudumu Dodoma. Mzabibu wa nchi za baridi hulazwa na majira. Usipolala huchoka ukafa. Watu wa Dodoma walijifunza kuulaza mzabibu kwa kiu. Baada ya mavuno huunyima maji hadi unapukutisha majani, huupogoa, kisha huurudishia maji, nao huamka ukidhani kwamba umelala miezi. Mama hakudanganyika. Mtoto, aliyezaliwa ndani ya hila hiyo, aliizoea kama mtoto anavyozoea kelele za nyumbani, akazaa mara mbili kwa mwaka.

Huko ulikotoka, mzabibu mama nao ulikwishaangamizwa na wadudu wa mizizi. Kilibaki kijiti kimoja kikavu katika hifadhi ya mimea, na kutokana na kijiti hicho, chembe kwa chembe, maabara ilifufua mizabibu iliyojaza kuba. Wafanyakazi waliiita Bibi. Kampuni iliyojenga kuba ilitaka kuuza mvinyo wa Bibi kama asili ya Msanga, chanzo chenyewe, na wanunuzi wa mabara matatu walikuwa wakisubiri. Damari alikuwa ameilea tangu ikiwa na urefu wa kidole. Miaka mitatu mfululizo alijaribu kuchukua pingili ili apande kwingine, na mara zote zilioza, kwa sababu pingili ikikatwa kabla mti haujakamilisha usingizi huoza. Huu ulikuwa msimu wa kwanza ambao usingizi ulielekea kukamilika. Zilibaki wiki chache.

"Mwamba," Perusi alisema. "Basi ule upepo wa kisimani ni wa nani? Shetani kajenga jiko?"

"Sijui, wifi."

"Muulize mwanao." Alinyoosha kidole juu, kwenye kioo, ambako alidhani Kipupwe alikaa.

Damari aliuliza, zaidi ili wifi yake asikie jibu kwa masikio yake na ugomvi uishe.

"Kipupwe. Joto la kuba linakwenda wapi?"

"Linakwenda mwambani, Fundi Mkuu," sauti ilijibu, tulivu, kutoka katika nguzo iliyokuwa karibu. "Ziada inatolewa juu ya ardhi, katika eneo lisilo na makazi."

Damari alihisi baridi ya kuba ikiingia ndani ya koti.

"Ziada ipi? Tangu lini kuna ziada?"

"Tangu mwamba ulipojaa, mwezi uliopita. Nilipata visima vikavu vinavyofika kwenye nyufa za mwamba, nikavitumia."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliagiza nikuarifu iwapo joto litaelekezwa kwenye makazi. Halikuelekezwa."

Damari alimtaka aonyeshe. Hewani mbele yao ikajichora ramani ya nchi yote kutoka kubani hadi ng'ambo ya mbuga. Mji wa Dodoma ulikuwa umepakwa rangi ya manjano, rangi ya watu. Miji midogo ya kando ya reli ilikuwa ya manjano pia. Mbuga ya chumvi ilikuwa kijivu, na ng'ambo yake, mahali ambapo palipaswa kuwa na kijiji, kijivu kiliendelea hadi vilimani. Vidoa vyekundu vya joto vilikuwa vimetapakaa humo kama tetekuwanga.

Damari aliweka kidole. "Hapa pana nini?"

"Udongo."

"Unajuaje kuwa ni udongo?"

"Jicho la setilaiti hutambua makazi kwa mapaa. Hapo hapana mapaa."

Perusi alielewa kabla ya wifi yake kusema neno, akaketi juu ya ukingo wa safu. Miaka ya joto kali ilipoanza, watu wa Msanga-Chini waliyavua mabati yaliyowachoma, wakarudi kwenye tembe, nyumba zao za asili za kuta nene na paa bapa la udongo. Walifanya hivyo kwa akili zao wenyewe na nyumba zikapoa. Viongozi walikuja kupiga picha, wakasifu. Damari mwenyewe aliolewa katika nyumba ya namna hiyo na kila akienda aliwaambia watu wa mjini kwamba hakuna kiyoyozi kinachoifikia. Lakini ukiitazama tembe kutoka angani, paa lake ni ardhi. Kijiji kilikuwa kimejificha machoni pa mashine kwa kujenga vizuri.

"Hapo ulipoona udongo," Damari alisema taratibu, "ni sebule ya mama mkwe wangu. Hapa ni zahanati. Hili ni kanisa. Kuna watu zaidi ya elfu moja."

"Nimepokea," Kipupwe alisema. Ramani ikatulia kidogo, kisha kipande cha kijivu kikageuka manjano, chote kwa pamoja, pamoja na vidoa vyekundu ndani yake. "Nimekosea kwa kukosa taarifa. Joto sasa linaelekezwa kwenye makazi. Ninakuarifu."

Perusi alitoa mguno uliokaribia kuwa kicheko. "Ametuarifu. Asante sana. Bibi wa mti anapulizwa baridi, bibi wa watu anaokwa kama mkate."

Damari alimpigia Dokta Chipanda, mkurugenzi wa kampuni, papo hapo akiwa amesimama kati ya mizabibu. Dokta Chipanda hakuwa mtu mbaya, na Damari alisikia pumzi yake ikibadilika alipoelewa. Aliuliza wangapi wamefariki. Aliposikia, alisema Mungu atusamehe. Kisha akaanza kupanga, maana alikuwa mtu wa kupanga. Angetuma mabasi. Angetuma mahema yenye vipoza hewa, chakula, wauguzi, yote kabla ya jua kuzama. Kijiji kingehamishiwa uwanja wa maonyesho hadi Bibi amalize usingizi wake, kisha mtambo ungezimwa na visima kuzibwa. Alimwomba Damari asifanye jambo kwa hasira. Mizabibu ile haikuwa ya kampuni peke yake, alisema. Duniani hapakuwa na mingine. Angepiga simu tena mara tu mabasi yatakapopatikana.

Yalikuwa maneno ya maana, na Damari aliyapima kama maneno ya maana. Watu elfu moja, wazee, wagonjwa, wajawazito, watolewe majumbani mwao kwa mabasi ambayo hayajapatikana bado, wapite mbugani katika joto lile lile. Mbuzi na ng'ombe wabaki. Nani angekubali kuacha mifugo ife? Wangebaki wanaume na mifugo yao, na wake zao wangebaki nao, na usiku wa leo ungekuwa kama wa jana. Aliwajua watu wale. Alikuwa amewapikia harusini na wao walimpikia.

"Kipupwe," alisema, "ukiacha kutoa joto Msanga-Chini sasa hivi, utalipeleka wapi?"

"Kuna njia mbili. Ya kwanza, kuacha kupoza kuba. Ya pili, kuna visima vikavu viwili mlimani Msanga-Juu. Eneo hilo nimelihakiki kwa vipimo vya uhai. Hakuna anayelala huko. Ni mashamba ya zabibu."

"Zabibu gani?"

"Msanga nyekundu. Mashamba ya mwisho. Yapo katika kiu. Wakulima wamesimamisha maji. Joto la visima litaua mizizi. Kuba litakamilisha usingizi."



Perusi alinyanyuka. Shamba moja kule mlimani lilikuwa la marehemu baba yake, na sasa alilima yeye. Damari alimtazama akitegemea mlipuko, lakini haukuja. Perusi alisema polepole, kama mtu anayepatana bei sokoni na keshachoka.

"Wafanye hivyo, wifi. Waue shamba. Mti utapandwa tena. Wewe mwokoe mama, na ubaki na kazi yako."

Damari alijua kuwa lilikuwa neno la kweli na kwamba lilimgharimu. Alijua pia kwamba ni uongo. Hakuna mahali pa kutolea pingili za Msanga kama mashamba ya mwisho yakifa. Wakulima wengine walikwishang'oa wakapanda aina za kampuni. Alitembea hatua chache, akashika tawi la Bibi kwa mkono mtupu. Jalidi ikayeyuka chini ya vidole vyake. Huyu hapa alikuwa amefufuliwa kutoka kijiti. Alikuwa na jina la kale, historia ya kuandikwa kwenye chupa na wanunuzi wa mabara matatu, na hangeweza kuishi hata wiki moja katika nchi aliyoletwa pasipo joto linalomzunguka kuondolewa na kutwikwa wengine. Kule mlimani alikuwa mwanawe, asiyetakiwa na mtu, akivumilia kiu bila kuomba lolote ila kurudishiwa maji kwa wakati. Damari alikuwa ametumia miaka kutafuta asili ya Msanga. Asili aliipata. Hakuwahi kujiuliza kama asili nayo ina haki ya kula watoto wake.

Aliwaza pia mambo madogo ya kawaida. Mkopo wa nyumba. Ada ya Yusta, bintiye. Mumewe, ambaye angesema umefanya vyema, kisha alale macho wazi usiku kucha akipiga hesabu. Aliwaza uso wa Dokta Chipanda. Mtu akingoja hadi aache kuogopa hatafanya chochote, naye alikuwa na watu waliokuwa wakikauka.

"Njia ya kwanza," alisema.

"Fundi Mkuu, kuacha kupoza sasa kutaiamsha mizabibu kabla ya wakati, ndani ya joto. Haitapona. Uamuzi huu unahitaji idhini ya mkurugenzi."

"Kwako wewe, ndiyo. Kwa mkono wangu, hapana."

Chini ya nguzo ya kati palikuwa na sanduku jekundu lenye mpini wa chuma, uliowekwa kwa ajili ya kuzima mtambo moto ukitokea, na ambao hakuna akili yoyote iliyounganishwa nao. Damari alivunja kifungo cha plastiki. Mpini ulikuwa umegandishwa na baridi na haukukubali. Alining'inia nao. Perusi akaja, akaweka mikono yake juu ya mikono ya wifi yake, wakavuta pamoja, wakiguna, hadi mpini ukashuka kwa kishindo.

Mngurumo ambao Damari alikuwa ameuzoea kiasi cha kutousikia ulikatika. Roboti wapogozi walisimama mmoja baada ya mwingine, mikono hewani.

"Mzunguko wa joto umesimama," Kipupwe alisema. "Visima vya Msanga-Chini havitoi tena. Niwashe saa ngapi?"

"Usiwashe. Andika kwamba nimezima mimi, Damari Mheta, nikijua kitakachotokea kwa mizabibu. Kisha fungua paa."

"Paa likifunguliwa..."

"Najua. Fungua. Hatuwezi kuifungia mizabibu humu na kuiacha ioze."

Vioo vya juu vikaanza kujitenga, kimoja kimoja, na upepo wa Dodoma ukaingia, mkavu, wenye harufu ya vumbi na majani yaliyoungua. Jalidi ikaanza kudondoka. Simu ikaita, jina la Dokta Chipanda likawaka kwenye kifundo cha mkono wa Damari. Alisema neno moja tu, "Nimezima," akaikata, akamwambia Perusi wafungue ghala.

Ghalani mlikuwa na mablanketi ya barafu ya kufunika mashina, mazito, yenye kushika baridi siku nzima. Waliyabeba mawili mawili hadi garini, wanawake wawili wenye makoti ambayo sasa yaliwatoa jasho. Perusi alivua lake akalitupa chini. Roboti mpokezi wa langoni, ambaye kazi yake haikuhusu kuba, aliwaona wakihangaika, akauliza kama wageni wanahitaji msaada wa mizigo. Perusi akamwambia, ndiyo, na afanye haraka.

Gari lilipojaa, Damari aliketi usukani akazima uendeshaji wa mashine, kwa sababu ramani ya gari haikuwa na barabara ya kwenda Msanga-Chini. Alishika njia ya mbugani kwa macho yake, na Perusi, akiwa amelipakata blanketi moja baridi kama mtoto, alimwonyesha pa kukata kona.